Gemu inasumbua kwenye kompyuta? Acha dalili ikuambie vifaa gani utaje

"Gemu yangu inaganda. Kompyuta ni i7, RAM 16, kadi ya NVIDIA. Nisaidieni."

Mtu mwenye nia njema kabisa ya kusaidia akisoma ombi hili hana pa kushika. Jina i7 limekuwepo tangu 2008. Kuna i7-7500U ya laptopu yenye kori mbili tu, na kuna i7-12700 ya kompyuta ya mezani yenye kori 12, na zote mbili ni i7. "Kadi ya NVIDIA" inaweza kuwa GTX 780, iliyoacha kupata draiva mpya za gemu (programu zinazoiunganisha kadi na Windows) mwaka 2021, au kadi iliyotoka juzi. "RAM 16" haisemi kama ni kijiti kimoja au viwili, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuifanya gemu iwe nzito.

Kwa hiyo anayeuliza hujibiwa kwa kubahatisha: sasisha draiva, futa gemu uisakinishe upya, punguza ubora wa picha. Anajaribu yote, anachoka, na tatizo liko palepale. Hakuna aliyemdanganya. Wote wanapapasa gizani kwa sababu hawaioni kompyuta yake, na yeye hajawaonyesha.

Ninachotaka kukuonyesha hapa ni kwamba kila dalili ina kifaa chake kinachotakiwa kuelezwa kwa undani kuliko vingine. Kompyuta inayozimika ghafla na gemu isiyofunguka haziulizwi maswali yaleyale. Ukishaijua dalili yako, utajua wapi utaje jina tu na wapi ufungue hadi kifuniko cha kompyuta.

Kwanza chukua ripoti, usitegemee kumbukumbu yako

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Ikiuliza kama ikague saini za draiva, kubali. Subiri mstari wa chini ujae, halafu bofya kitufe cha "Save All Information". Utapata faili la maandishi liitwalo DxDiag.txt. Tuma faili lenyewe zima. Usilifupishe, kwa kuwa mstari unaouona hauna maana ndio mara nyingi unaomfungua macho anayekusaidia.

Lakini lisome kwanza wewe mwenyewe, maana lina mitego. Juu kabisa pameandikwa DirectX 12 (mfumo ambao gemu huutumia kuchora picha), na watu hulikimbilia hilo: "Mbona nina DirectX 12 na gemu inasema sina?" Namba ile ni ya Windows. Uwezo wa kadi uko chini zaidi, kwenye sehemu ya vifaa vya picha, katika mstari wa "Feature Levels". Kadi ikiishia 11_0 na gemu inataka 12_0, hakuna kusasisha kutakakoiokoa.

Katika sehemu hiyohiyo kuna kumbukumbu za aina tatu. "Display Memory" ni jumla inayochanganya kumbukumbu ya kadi na RAM ya kuazima, kwa hiyo inaweza kukuonyesha GB 12 kwenye kadi ya GB 4. Unayoihitaji ni "Dedicated Memory". Na usiende kuitafuta namba hii kwenye msinfo32 (ripoti nyingine ya Windows, inayofunguliwa kwa njia hiyohiyo ya Windows na R), kwani mstari wake wa "Adapter RAM" hauwezi kuhesabu zaidi ya GB 4. Kadi ya GB 8 au 12 itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Toleo la draiva nalo huandikwa kwa namna inayochanganya kwa wenye NVIDIA. Ukiona 32.0.15.6094, chukua tarakimu tano za mwisho uweke nukta kabla ya mbili za mwisho: 560.94. Hilo ndilo jina ambalo kila mtu analijua. Kuandika "draiva mpya kabisa" hakusaidii, kwa sababu mpya ya leo si mpya ya mwezi ujao, na wengi huwa wameambiwa na Windows kwamba draiva yao ni ya karibuni kumbe ina mwaka mzima.

Shuka hadi mwisho wa faili. Huko kuna orodha ya programu zilizoanguka karibuni, zikiwa na jina la faili lililohusika. Kama gemu yako imo humo, umepata nusu ya jibu kabla hujauliza mtu.

Kinachokosekana kwenye DxDiag utakipata kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha kuingia "Performance". Ukibofya "Memory", yaani RAM, utaona kasi yake na nafasi ngapi za vijiti zimetumika. Ukibofya diski utaona kama ni SSD, ambayo ni ya haraka, au HDD, ambayo ni ya polepole. GPU ni kadi ya picha, kwa hiyo ukiona GPU 0 na GPU 1, una kadi mbili, na hilo ni lazima ulitaje. Kwa wanaotumia Linux, amri ya inxi -Fxz inatoa karibu vyote hivi kwa pamoja, na hiyo z huficha namba za utambulisho za vifaa (serial number).

Visivyoonekana na programu yoyote

Kwa kawaida hakuna programu inayoweza kukuambia pawa saplai yako ni ya wati ngapi, au waya wa skrini umechomekwa wapi, au chaja ya laptopu ni ile iliyokuja nayo. Haya ni ya kuinama na kuangalia kwa macho, na ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, upige picha lebo ya pawa saplai. Lebo ina jina la mtengenezaji, modeli, na jedwali la volti. Kinachotazamwa zaidi ni mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula kutoka huko. Pawa saplai mbili zinazojiita za wati 600 zinaweza kuwa na uwezo tofauti sana kwenye mstari huo.

Dalili: gemu haifunguki kabisa

Ukibofya na hakuna kinachotokea, au dirisha linatokea na kupotea, tazama kwanza jina la kadi kwenye DxDiag. Likiwa "Microsoft Basic Display Adapter", kadi yako haina draiva kabisa, na Windows inatumia ile ya dharura. Hapo hakuna haja ya kuuliza zaidi. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi uichukue.

Jina likiwa sawa, geukia prosesa. Kuna gemu zinazotaka maagizo yaitwayo AVX, na nyingine AVX2. Prosesa isiyokuwa nayo haitoi onyo lolote la maana, gemu inajifunga tu. Watu hudhani hili ni tatizo la kompyuta za kale peke yake, lakini Pentium G4560 ya 2017 haina AVX, na i7-3770 ya 2012 ina AVX bila AVX2. Ndiyo maana "Pentium" au "i7" haitoshi, tunataka namba yote. Dalili yake ya wazi ni kukuta namba 0xc000001d kwenye kumbukumbu za hitilafu za Windows. Maana yake prosesa imepewa agizo isilolijua.

Kwa gemu za ushindani zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu, kuna jambo jingine. Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa, na Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot. Fungua msinfo32, soma mistari ya "BIOS Mode" (BIOS ni programu ya msingi ya bodi mama inayoiwasha kompyuta) na "Secure Boot State", uinakili yote miwili. Pamoja nayo taja modeli ya bodi mama, kwa kuwa njia ya kuwasha Secure Boot inatofautiana bodi kwa bodi, na anayekuelekeza bila kuijua anaweza kukupeleka mahali kompyuta ikakataa kuwaka. Tahadhari hii ni ya kweli: kama "BIOS Mode" inasema Legacy, usiguse chochote kabla hujaelekezwa namna ya kubadilisha mpangilio wa diski.

Ujumbe ukitaja faili linalokosekana kama VCRUNTIME140.dll, hapo vifaa havihusiki. Kinachokosekana ni kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable. Sakinisha, endelea.

Dalili: inafunguka lakini ni nzito muda wote

Swali la kwanza: ni kadi ipi inayofanya kazi? Laptopu nyingi za gemu zina kadi mbili, ndogo iliyo ndani ya prosesa na kubwa inayojitegemea. Windows ikichagua ndogo, gemu itatambaa hata kama ulilipia kadi kubwa. Fungua gemu, punguza dirisha lake, tazama "Performance" ni GPU ipi imepanda. Kama ni ile ya Intel au Radeon ya ndani huku GeForce imelala, ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, kisha "Graphics", uichague gemu na kuipa kadi yenye nguvu. Unapoomba msaada, taja kadi zote mbili na useme ni ipi uliyoiona ikipanda.

Kwa kompyuta ya mezani, angalia nyuma. Waya wa skrini ukiwa umechomekwa kwenye bodi mama, juu karibu na milango ya USB, badala ya kwenye kadi ya picha kule chini, unaweza kuwa unatumia picha za prosesa. Kosa hili ni rahisi kufanya na rahisi kurekebisha, na huwezi kuliona ndani ya ripoti yoyote usipojua cha kutafuta.

Kisha jina kamili la kadi. GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6 hazitofautiani kwa kumbukumbu tu, ile ndogo ina viini 1152 vya kuchakata na kubwa ina 1280. GT 1030 yenye DDR4 iko nyuma sana ya ile yenye GDDR5, na maandishi mbele ya kasha ni yaleyale. RTX 4090 ya laptopu ina GB 16 wakati ya mezani ina GB 24, na ni kadi mbili tofauti hasa. Hata laptopu kwa laptopu hazilingani: RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa umeme kuanzia wati 35 hadi 115 kulingana na alivyoamua mtengenezaji. Kwa hiyo mwenye laptopu ataje modeli ya laptopu yenyewe, siyo kadi tu. Aseme pia kama anacheza ikiwa kwenye chaja, na kama chaja ni ya asili. Chaja yenye wati pungufu huifanya laptopu ijibane bila kusema neno.

RAM ndiyo inayofuata. Kijiti kimoja cha GB 16 hupitisha data kwa njia moja, viwili vya GB 8 hupitisha kwa njia mbili. Anayetumia picha za ndani ya prosesa huumia zaidi, kwa sababu picha hizo zinaishi humohumo kwenye RAM. Tazama kasi pia. Vijiti vilivyouzwa kama 3200 vinaweza kuonekana 2133 au 2666 kama mpangilio wa XMP au EXPO, unaoiruhusu RAM ifikie kasi iliyouzwa nayo, haujawashwa kwenye BIOS.

Na kama fremu zako, yaani picha ambazo gemu inachora kwa sekunde, zimesimama palepale kwenye 60, hazipandi wala hazishuki, huenda hakuna ubovu. Tazama mstari wa "Current Mode" kwenye DxDiag. Skrini ya 144 Hz ikiwa imewekwa 60 Hz, na gemu imeambiwa ifuate kasi ya skrini, utapata 60 hata kwa kadi ghali kuliko zote.

Dalili: inakwenda vizuri, kisha inakwamakwama

Hapa muda ni sehemu ya maelezo ya vifaa. Inaanza kukwama baada ya dakika ngapi? Kwenye tukio gani?

Ikikwama dakika za mwanzo tu, hasa baada ya kubadilisha draiva au gemu kupata sasisho, mara nyingi gemu inatayarisha upya shader, yaani programu ndogo zinazoielekeza kadi namna ya kuchora. Ipe muda. Ikikwama kila unapoingia eneo jipya la ramani, taja aina ya diski ambayo gemu imesakinishwa, siyo diski yenye Windows. Wengi wana SSD ndogo ya Windows na HDD kubwa ya gemu, kisha huandika "nina SSD". Taja na nafasi iliyobaki.

Ikikwama zaidi unapopandisha ubora wa picha, tazama kumbukumbu ya kadi wakati gemu inaendelea. "Dedicated GPU memory" ikiwa imejaa na "Shared GPU memory" inapanda, kadi imeishiwa na inakopa RAM, ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Shusha ubora wa picha za nyuso za vitu (textures) kabla ya kitu kingine chochote.

Ikianza vizuri na kuzorota baada ya robo saa au nusu saa, tunataka joto. Washa HWiNFO, programu inayosoma joto la vifaa, kabla ya kucheza, cheza hadi izorote, kisha nakili safu ya kiwango cha juu kwa prosesa na kadi. Hapa ndipo jina kamili linapolipa: nyuzi 95 kwenye Ryzen za mfululizo wa 7000 ni kiwango ambacho AMD ilikipanga prosesa zifanye kazi humo, ilhali kwa prosesa nyingine nyuzi hizohizo ni ishara ya feni iliyojaa vumbi au ubaridi usiotosha. Namba ya joto bila modeli ya prosesa haina maana.

Dalili: gemu inajifunga yenyewe na kukurudisha Windows

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda yenye alama nyekundu. Bofya siku gemu ilipoanguka, fungua maelezo, unakili mistari mitatu: programu iliyoanguka, moduli iliyosababisha, na namba ya hitilafu. Moduli ikiwa nvwgf2umx.dll, ni sehemu ya draiva ya NVIDIA. Ikiwa atidxx64.dll au amdxx64.dll, ni ya AMD. Ikiwa ntdll.dll, haijasema kitu. Namba 0xc0000005 nayo ni ya kawaida mno. Inamaanisha programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, na chanzo kinaweza kuwa gemu yenyewe, draiva, RAM mbovu au prosesa.

Nataka nikae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa sababu hakuna unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini ujumbe wa hitilafu peke yake hautoshi. Wachezaji wengi wa gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine, injini ya kutengenezea gemu, walikuwa wakikutana na ujumbe uleule wakati gemu inatayarisha shader: "Out of video memory trying to allocate a rendering resource". Ujumbe unasema wazi kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha. Watu wenye kadi za GB 16 na 24 waliupata. Walibadilisha draiva, wakashusha ubora, wengine wakabadilisha kadi yenyewe, na hali haikubadilika.

Kilichowaunganisha hakikuwa kadi. Walikuwa na prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani, hasa i9-13900K na i9-14900K. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Ilitoa marekebisho ya ndani, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, yanayofika kupitia BIOS mpya ya bodi mama, na ikaongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

Sasa fikiria mtu anayeandika: "Nina RTX 4080, gemu inasema kumbukumbu ya kadi imekwisha." Mazungumzo yote yatakuwa juu ya kadi. Akiongeza maneno machache tu, "prosesa i9-13900K, BIOS ya 2023", yeyote anayefuatilia mambo haya atajua papo hapo pa kumpeleka. Kwa hiyo katika dalili hii taja prosesa kwa namba na herufi zake zote, modeli ya bodi mama, na toleo la BIOS pamoja na tarehe yake. Vyote viko kwenye msinfo32. Sema pia kama umewahi kuongeza kasi ya prosesa, kadi au RAM, hata kama ni kwa kubofya kitufe kimoja tu. XMP nayo inahesabika. RAM ikishukiwa, ipime kwa programu ya MemTest86 kwa usiku mmoja uripoti kama ilitoa kosa lolote. Kosa moja linatosha kuihukumu.

Dalili: kompyuta nzima inazimika au kujiwasha upya

Itenge hii na ile iliyotangulia. Gemu kujifunga na kompyuta kuzimika ni mambo mawili, na watu huyaita yote "inakata".

Fungua eventvwr.msc kwa njia ileile ya Windows na R, ingia "Windows Logs" kisha "System", utafute tukio namba 41 la Kernel-Power. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuaga, kwa hiyo usilichukue kama chanzo. Ndani yake tazama "BugcheckCode". Ikiwa si 0, kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiona, na kwenye C:\Windows\Minidump huenda kuna faili la tukio hilo. Ikiwa 0, umeme ulikatika au kompyuta ilikwama kabisa, na macho yanageukia pawa saplai na joto.

Hapo ndipo ile picha ya lebo inahitajika. Ongeza umri wa pawa saplai, na namna kadi ilivyounganishwa: kama ina matundu mawili ya umeme, je, kila tundu lina waya wake kutoka kwenye pawa saplai, au ni waya mmoja uliogawanyika mwishoni? Kadi kubwa zinazokula umeme kwa mishtuko zinaweza kuzidi uwezo wa waya mmoja. Jaribio dogo la kufanya kabla ya kuuliza ni kufunga fremu zisizidi 60 kwenye mipangilio ya gemu, ukacheza kama kawaida. Kuzimika kukikoma, shaka juu ya umeme au joto inaongezeka sana. Na kama huzimika ukiwa kwenye menyu tu, usishangae. Menyu za baadhi ya gemu hazina kikomo cha fremu, na kadi hufanya kazi kwa nguvu zote kuchora picha iliyosimama.

Dalili: skrini nyeusi, mistari, madoa ya rangi

Kadi isipojibu kwa sekunde 2, Windows huiwasha upya draiva yake. Wewe unaona skrini nyeusi kwa muda mfupi, kisha gemu inakufa. Rekodi yake ni tukio namba 4101 kwenye "System" ya eventvwr.msc. Taja kadi, draiva, na draiva iliyokuwepo kabla tatizo halijaanza.

Mistari na madoa yanahitaji picha mbili: moja ya skrini iliyopigwa na Windows, na nyingine iliyopigwa kwa simu. Madoa yakionekana kwenye ya simu tu, mara nyingi shida iko kwenye waya au skrini. Yakionekana kwenye zote, tazama kadi na draiva. Na kama yapo hata kabla Windows haijawaka, kwenye nembo ya bodi mama, draiva haina hatia.

Dalili: mchezo wa mtandaoni unarukaruka

Fremu zikiwa nyingi na thabiti lakini wachezaji wengine wanarukaruka, prosesa na kadi hazina habari. Sema kama unatumia Wi-Fi au waya, modeli ya kadi ya Wi-Fi, na ping yako (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) wakati hali ni mbaya. Jaribu waya kwanza kabla ya lolote.

Ombi lenyewe likae hivi

"Gemu inajifunga kila baada ya dakika 20 hivi, nikiwa kwenye ramani yoyote, haitoi ujumbe. Ilianza nilipoongeza kijiti cha pili cha RAM. Windows 11 24H2. Prosesa Ryzen 5 5600. Bodi mama ya B450, nimeambatanisha jina kamili na BIOS. RAM GB 16 DDR4, vijiti viwili vya GB 8 vya kampuni tofauti, XMP imewashwa, 3200. Radeon RX 6600 GB 8, draiva 24.12.1. Gemu iko kwenye SSD, imebaki GB 140. Pawa saplai wati 550, picha ipo. Joto la juu: prosesa 71, kadi 68. Hitilafu 0xc0000005, moduli ntdll.dll. Nimekagua faili za gemu, ziko sawa. Bado sijajaribu kuzima XMP."

Ona kilichoifanya iwe na nguvu. Ametaja kilichobadilika kabla tatizo halijaanza, na ametaja ambacho bado hajakijaribu. Jibu liko wazi: zima XMP, cheza, ikianguka tena, toa kijiti kimoja, cheza, kisha badilisha uweke kingine. Anayesaidia hana haja ya kuuliza swali hata moja.

Kabla ya kutuma, fungua DxDiag.txt ufute mistari ya "Machine name" na "Machine Id". Kwenye msinfo32 mna jina la mtumiaji, na HWiNFO hutoa namba za utambulisho za vifaa. Njia za mafaili zinazoanza na C:\Users nazo hubeba jina la akaunti yako, na kwa wengi hilo ni jina lao halisi. Badilisha kwa neno lolote. Usifiche modeli, matoleo wala tarehe, kwa kuwa hivyo havimtambulishi mtu, na ndivyo vinavyohitajika.

Ukishajibiwa, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukibadilisha draiva au BIOS chukua DxDiag mpya uiambatanishe. Ripoti ya jana haielezi kompyuta ya leo, na anayekusaidia atakuwa anasoma namba ambazo hazipo tena.